Kabula, usilipie kwanza hicho chumba cha Buhongwa

Shosti mambo, mama anaendeleaje na mguu? Huku sisi wazima kabisa, kazi tu ndo kama unavyoijua, na mvua zimeanza kwaiyo ngazi za huku kwetu zinateleza balaa.

Nimeona nisikujibu kwa vimeseji vya vipande vipande, nikae leo siku yangu ya off nikuandikie vizuri maana ulichoniuliza ni kitu kikubwa. Umeniuliza hela ya kazi ya mgahawani inatosha kupanga chumba hapa Mwanza na mwenzako au ndo utajikuta unarudi Sengerema baada ya miezi miwili. Nakujibu wazi: inatosha, kwa kubana, ila inategemea na kitu ambacho hukuniandikia hata mstari mmoja, yani usiku utarudije nyumbani. Umeniambia kodi, umeniambia umeme, umeniambia mpaka tailizi za sebuleni kwa mwenye nyumba, lakini njia ya kurudi saa tano usiku hujaigusa, na hiyo ndo inayokula mshahara wa mhudumu kuliko kitu kingine chochote.

Hicho chumba cha elfu 35 nakijua aina yake. Buhongwa kuna nyumba mpya nzuri, hewa safi, nafasi ya kuanika nguo ipo, na mtu wa ofisini anayetoka saa kumi jioni hata mimi ningemwambia achukue kesho. Ila we unakuja kuwa weita mjini kati. Mlangoni wameandika wanafunga saa nne, mteja wa mwisho anainuka saa nne na nusu, hapo hujapandisha viti, hujapiga deki, hujafunga hesabu na mtu wa kaunta, ukishika mkoba wako kutoka ni saa tano na kitu. Saa hizo daladala ni ya kubahatisha. Inabaki bodaboda, na Buhongwa ni mwisho wa jiji, mnashika Kenyatta Road mnapita Igogo, Mkuyuni, Nyegezi, Mkolani, ndo mfike. Usiku hakuna wa kukupeleka kwa chini ya elfu nne. Kwa wiki ya siku sita hiyo ni elfu 24, kwa mwezi inakaribia laki moja. Mimi mshahara wangu ni laki 2, nikikatwa asilimia 10 ya NSSF nashika laki na 80. Sasa niambie, nusu yake iende kwa boda ili niokoe elfu 15 ya kodi kuliko chumba chetu cha elfu 50, tena elfu 15 yenyewe mnagawana wawili? Na sijagusa habari ya msichana peke yake barabarani usiku, hilo siwezi hata kulipigia hesabu.

Ndo maana mimi na Happy, mwenzangu wa chumba, tulichukua Igogo, huku juu kwenye mawe. Chumba kimoja elfu 50, choo cha nje tunashea na wapangaji wengine, dirisha dogo. Ukikiona kwa macho utasema hiki na kile cha Buhongwa heri kile. Ila natoka kazini tuko kundi, mimi na wa jikoni wawili na kaka mmoja mlinzi wa duka jirani anakaa njia hiyohiyo, tunatembea kwa mguu tunapiga stori mpaka tunaanza kupanda, hakuna anayetoa hata mia.

Mlima nao una gharama zake sikufichi. Maji ya bomba huku juu yanapanda kwa siku zake, siku nyingine tunanunua ndoo kwa vijana wanaopandisha, mia tatu, yakiadimika mia tano, na kwa watu wawili wanaofua sare kila siku ndoo haziishi. Kwaiyo ukienda kuangalia chumba chochote cha mlimani, kiwe Igogo, Mabatini au kwingine, muulize mpangaji aliyeko humo ndani habari ya maji, usimuulize dalali. Na ukiweza nenda mvua ikiwa imetoka kunyesha, uone maji yanashukia wapi, maana kuna nyumba kiangazi nzuri sana, mvua ikipiga mfereji wote wa mlima unapita mlangoni kwako.

Hela ya kuanzia ndo ngumu kuliko hela ya kukaa. Huku wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, kuna wanaotaka mwaka. Chumba chetu cha elfu 50 ilikuwa laki 3, na dalali akataka ya mwezi mmoja, jumla laki 3 na nusu, kila mtu laki na elfu 75. Kwa mshahara wetu hiyo hela haikai mkononi, itaisha tu, mtoto wa ndugu ataumwa, simu itapasuka kioo. Mimi nilipata kwa mchezo wa kazini. Tulikuwa kumi, kila mmoja elfu mbili kwa siku, wiki ikiisha laki na 40 anashika mmoja. Niliomba zamu yangu iwe ya katikati, nikajazia kidogo basi. Happy yeye alikuwa anaweka kwenye simu kidogokidogo, ana moyo huo, mimi sina. Ukianza kazi ulizia kama wana mchezo na uangalie anayeshika hela ni nani, kama ni mtu aliyedumu pale ingia siku hiyohiyo hata kabla hujapata chumba.

Na mkilipa, andikeni mkataba wenye majina yote mawili. Usikubali jina la mmoja tu eti kwa vile mwenye nyumba anamjua. Sisi tuliandika majina yetu wote, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri, ilituchukua asubuhi moja. Binti mmoja tuliyekuwa naye kazini alitoa nusu ya kodi yake kamili, mkataba una jina la mwenzie, walipogombana akatolewa na begi lake na miezi minne ya hela yake ikabaki ndani. Hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Sasa huyo mwenzako. Sijamwona na sisemi ni mtu mbaya, umesema mcheshi, msafi, mnaelewana tangu sekondari, sawa. Kilichonishtua ni pale uliposema upande wake kaka yake ndo atakuwa analipa. Kabula, naomba unisikilize hapo. Kaka leo ana kazi ya mgodini Geita hela ipo, kesho ameoa, keshokutwa wameachishwa, na siku hiyo mwenye nyumba hatamtafuta kaka, atabisha mlango wako. Kaa na mtu anayelipa kwa mkono wake mwenyewe hata kama anapata kidogo kuliko wewe. Happy anapata pungufu yangu, anafanya mgahawa wa supu na chapati, lakini hela ni yake, anajua inaingia tarehe ngapi, na siku ikichelewa ananiambia kabla sijauliza. Hiyo kwangu ndo sifa ya kwanza, ucheshi baadaye.

Kitu kingine kilichotusaidia ni shifti kupishana. Happy anatoka alfajiri saa kumi na moja, anarudi saa tisa alasiri. Mimi naingia saa nane mchana narudi usiku. Chumba kimoja kidogo lakini mchana kila mtu ana masaa yake ya kukaa peke yake, na hiyo watu wanaichukulia poa ila ndo inazuia ugomvi mwingi. Shida ni usingizi. Nikirudi yeye ana masaa mawili tangu alale, yeye akiamka mimi ndo niko kwenye ule usingizi mzito. Kwaiyo tuna utaratibu wetu. Viatu navua nje, taa kubwa siwashi, kanga yangu na maji ya kunawa Happy ananiwekea kwenye stuli karibu na mlango ili nisipapase. Na yeye sare yake anaikunja usiku anaiweka juu ya ndoo, kengele ya simu ameiweka mtetemo tu, simu iko chini ya mto wake, asubuhi nasikia komeo tu na mara nyingine hata hilo silisikii. Hakuna aliyetufundisha, tulikaa chini wiki ya kwanza tukasema mimi hiki kinanikera na mimi hiki kinanikera.

Tuna daftari pia, limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Luku, maji, gesi, mkaa, sabuni, kila anayenunua anaandika na tarehe, mwisho wa mwezi tunajumlisha tunarudishiana. Watu kazini wanatucheka wanasema mnaandikiana mpaka sabuni, wacha wacheke. Mita ya umeme tunashea na vyumba vingine vitatu, na hapo ndo penye kelele, kuna jirani ana pasi na hita ya maji anachanga sawa na bibi mwenye taa moja. Ukipata chumba chenye mita yake chukua hata kikizidi elfu tano.

Ugomvi wetu mkubwa na Happy ulikuwa wa maharage. Kweli nakuambia. Tuna mtungi mdogo wa kilo 6, kujaza ni elfu ishirini na kitu, na yeye siku za off akawa anachemsha maharage makavu kwenye gesi mpaka yaive. Ukakata mapema, tarehe 23, hakuna mwenye hela, tukanuniana siku kadhaa tunakula mihogo ya kuchoma ya barabarani. Tangu hapo maharage na makande ni mkaa, gesi ni chai, mayai, kupasha na dagaa basi.

Dagaa ndo wanatubeba, hapo uko vizuri maana unawajua. Naenda Mwaloni pale Kirumba na Happy au na dada wa jikoni, tunachukua sado moja tunagawana. Angalia waliokaushwa kwenye chanja, wale walioanikwa chini kwenye mchanga bei iko chini lakini utaosha mpaka uchoke, mimi nawatoa vichwa kwanza, naosha kwa maji ya vuguvugu kwenye beseni, namwaga, napitisha kidole chini ya beseni nikisikia chembe naosha tena, mpaka kidole kipite laini. Kwa maji ya kununua huo mchanga una bei yake. Siku tukiwa na hela tunachukua sangara kidogo, sato naishia kuwabebea wateja tu. Kazini wanatupa mlo mmoja, ugali maharage au wali, kwaiyo chakula cha nyumbani kwangu ni chai ya asubuhi na siku ya off, hapo panaokoa sana, hakikisha na we unauliza kama mlo upo.

Tipu usiziweke kwenye kodi. Nasisitiza hili maana wengi wanajumlisha mshahara na tipu wanasema napata laki 3, wanapanga chumba cha mtu wa laki 3. Tipu zinapanda msimu wa wageni wanaopitia Mwanza kwenda Serengeti, zinapanda watu wakipokea mishahara, Januari watu wamelipa ada zinakufa kabisa. Mimi mshahara ni kodi na kitu cha kumtumia mama, tipu ni maji, luku, vocha na dagaa. Siku tipu ikiwa hakuna tunapunguza matumizi, lakini kodi haiguswi.

Halafu hiyo kazi yenyewe. Umesema meneja amekuambia bili ikikimbiwa mhudumu analipa yote. Hapo simama umuulize vizuri kabla hujasaini. Kuna mwenzetu, meza ya watu watano walikula wakanywa wakaondoka mmojammoja kama wanaenda chooni, akakatwa elfu 60 mwezi mmoja, na mwezi ule ndo kodi yake ilikuwa inaisha. Alilia nyuma ya jiko mpaka mpishi akazima redio. Na sheria hairuhusu vile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akitaka kukukata kwa hasara lazima kosa liwe lako kweli, akupe sababu kwa maandishi, akupe nafasi ya kujitetea, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Inasema pia masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, ya ziada yanalipwa mara moja na nusu, kazi ya kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5, na kila wiki upumzike masaa 24. Kima cha chini cha sekta binafsi nacho kimepandishwa kwa wastani wa asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026, kwaiyo mshahara wanaokutajia uulize kama ni wa zamani au mpya. Sikuambii uingie siku ya kwanza unasoma vifungu, utaonekana mkorofi. Ila dai mkataba wa maandishi, uupige picha, na masaa yako uyaandike kwenye simu kila siku. Ikifika mahali pabaya kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kule mwenye maandishi ndo anasikilizwa haraka. Yule mwenzetu sasa hivi anaandika kila kitu.

Najua utauliza, na tabu zote hizi kwanini nisikae tu kwa mjomba Nyakato. Mjomba ni mtu mzuri na mkewe pia, siwezi kuwasema vibaya, walinipokea bila kuniuliza nitakaa mpaka lini. Lakini nilikuwa nalala sebuleni Kabula. Nikirudi usiku nimesimama tangu mchana, miguu inawaka, nakuta watu wako kwenye tamthilia, nakaa pembeni natabasamu mpaka waishe ndo nitandike godoro. Asubuhi naamshwa mapema maana sebule inafagiliwa, wageni wanakuja. Nilikuwa naumwa kichwa kila siku nikidhani ni malaria, napima hakuna kitu, kumbe ni kukosa usingizi tu. Sasa hivi nina ufunguo wangu. Nikirudi nalala. Mwezi uliopita nilimtumia mama elfu 20 bila kukopa popote, na alivyonipigia sauti yake ilikuwa na furaha mpaka nikashindwa kumjibu vizuri. Nataka na we ulipate hilo, ndo maana nakuandikia mrefu hivi.

Mambo ya wageni mtaongea wenyewe, sisi tumekubaliana mwanaume halali humu ndani, wa kwangu wala wa kwake, mchana aje asalimie aende. Chumba ni kimoja, hakuna namna nyingine. Na mama au dada akija anakaa siku zake, mwenzako anaambiwa mapema.

Sasa sikia. Chumba cha tatu kutoka kwetu kinaachwa mwisho wa mwezi huu, mama wa humo anahamia Magu kwa mwanae. Ni elfu 45, dirisha kubwa kuliko letu, na mvua zote hizi nimeangalia maji hayaingii, yanapita upande wa pili wa jiwe. Nimeongea na mama mwenye nyumba, amekubali asimwambie dalali mpaka Jumapili. Miezi sita ni laki 2 na elfu 70, hakuna hela ya dalali, kila mtu laki na elfu 35. Muulize mwenzako kama anaweza kuweka hiyo yake mwenyewe, na ya miezi sita mingine ataitoa wapi. Akiwa na jibu la kueleweka mje wote. Akisema ngoja kaka, basi yuko Rehema wa jikoni kwetu, mtulivu, analipa, anatafuta mwenzie na nimeshamtajia jina lako.

Uje na godoro, chandarua, sufuria mbili na ndoo zenye mifuniko, vingine tutatafuta huku taratibu. Daraja la Busisi sasa hivi linapitika vizuri lakini na mizigo we panda kivuko cha Kamanga, unashukia mjini kabisa, mimi na Happy tutakuja kukupokea. Mama akiwa na michembe ya ziada, vile viazi vya kukausha, atufungie. Ila nijibu kabla ya Jumapili tafadhali, hata neno moja, nimwambie yule mama ndiyo au hapana.

Rafiki yako,
Leti